Kunakili au Kufuatisha? Uhakiki wa Istilahi za Uchoraji wa Ramani kutoka Picha

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huu hutajwa juu ya vyombo vya baharini, lakini wafaa pia kutajwa juu ya mistari ya ramani. Mstari wa barabara, wa mto au wa mpaka wa kijiji unaoonekana juu ya kioo cha kompyuta haukuota wenyewe. Yupo mtu aliyekaa akaitazama picha, akaamua kwamba mstari upite hapa na si pale. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba istilahi nyingi zinazotumika sasa kuitaja kazi hiyo humficha mtu huyo, na kwamba jambo hilo si dogo kwa mwananchi ambaye nyumba yake, shamba lake au shimo lake la dhahabu limeangukia ndani ya mstari au nje yake.

1. Kazi yenyewe

Kabla ya kulipima jina, yafaa kazi yenyewe ielezwe, maana mfasiri asiyekijua kitu hawezi kukipa jina la haki. Ramani ya karatasi, tuseme moja ya zile ramani za nchi za skeli ya 1:50,000, hupitishwa katika mashine ya kuskani ikawa picha. Kwa kompyuta, picha hiyo ni miraba midogo mno iliyopangwa safu kwa safu, na kila mraba una rangi moja tu. Kompyuta haijui kwamba rangi nyekundu ni barabara na rangi ya samawati ni mto. Yajua rangi, basi. Ndipo mtu hukaa akapita juu ya barabara ile, akiweka nukta baada ya nukta, na nukta hizo zikaunganishwa kuwa mstari. Kila nukta ina vipimo vyake vya mahali, na mstari wenyewe hupewa jina na maelezo. Barabara zote huwekwa pamoja, mito yote pamoja, mipaka yote pamoja, mithili ya karatasi angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Picha zilizopigwa kutoka angani hushughulikiwa vivyo hivyo.

Kazi hii imekwisha toka mikononi mwa wapima ardhi peke yao. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na mwaka huo huo Crowd2Map ilianza kuwakusanya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa nchi za mbali, ili wachore nyumba na njia za vijiji vya Tanzania kutoka picha za setilaiti. Afisa ardhi wa wilaya, mtaalamu wa maji na mwombaji wa leseni ya madini, wote sasa hushika ramani za namna hii. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Basi neno litakaloandikwa leo katika taarifa ya ramani laweza kesho kusomwa mbele ya baraza.

2. Rasta na vekta

Wataalamu wetu wanapozungumza husema kwamba ramani "ya rasta" imefanywa kuwa "ya vekta". Maneno haya mawili hayastahili hukumu moja.

Neno rasta lina kasoro kubwa. Kwa Mtanzania wa kawaida rasta ni nywele zilizosokotwa, au ni mtu aliyezifuga. Karani atakayeandika kwamba ofisi imepokea "picha 12 za rasta" atachekwa, na atakayesoma hatapata fununu yoyote ya maana iliyokusudiwa. Asili ya neno hilo nayo haitusaidii: latoka katika neno la Kilatini la reki, kwa sababu ya mistari sambamba ambayo reki huacha juu ya udongo. Msomaji wetu hana sababu ya kukumbuka reki anapoitazama picha.

Neno vekta hali yake ni nyingine. Limekwisha kuzoeleka katika hisabati na fizikia kwa maana ya kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, na mwalimu yeyote wa sayansi analijua. Maana ya wachora ramani si ile ile, lakini ina undugu nayo. Hakuna haja ya kulifukuza. Yatosha kulifafanua linapotajwa mara ya kwanza.

Lakini kabla ya kukopa, yatupasa tuangalie ndani ya nyumba. Kiswahili kina maneno mawili ya siku zote, picha na mchoro, na vitenzi viendavyo na maneno hayo vimeibeba karibu tofauti yote tunayoitafuta. Picha hupigwa, mchoro huchorwa. Picha hupokea kila kilicho mbele yake bila kuchagua, pamoja na kivuli na wingu. Mchoro una mchoraji, naye ameacha mengi na kuchukua machache. Kwa hiyo "picha ya chembe" kwa upande mmoja, na "mchoro wa vekta" kwa upande wa pili, yaeleza mengi kuliko rasta na vekta yakisimama peke yake. Nimechagua chembe badala ya kitone kwa sababu kitone ni jirani mno wa nukta, na nukta twaihitaji katika mchoro. Chembe, kama chembe ya mchanga, ni sehemu ndogo isiyo na jina lake. Nukta ya ramani ina jina na mahali. Wapiga picha na wauza simu wamezoea kusema pikseli, nao wasizuiwe.

3. Kitenzi ndicho kiini

Kosa la majina husahihishwa kwa urahisi. Kosa la kitenzi ni zito zaidi, kwa kuwa kitenzi ndicho kinachosema nani alifanya nini. Kwa kazi ya kupitisha mstari juu ya picha, husikika vitenzi vinne.

Cha kwanza ni kudijitaizi, pamoja na ndugu yake "kuweka katika mfumo wa kidijitali". Kitenzi hiki ni kipana mno. Ramani iliyoskaniwa tu imekwisha wekwa katika mfumo wa kidijitali, hata kama hakuna mstari mmoja uliochorwa. Ofisi ikitia sahihi mkataba wa "kuweka ramani 20 katika mfumo wa kidijitali", mkandarasi aweza kuleta picha 20, akadai malipo yake, na maneno ya mkataba yakawa upande wake. Hapa upungufu wa istilahi ni upungufu wa fedha za umma.

Cha pili ni kugeuza: picha "imegeuzwa" kuwa vekta. Kitenzi hiki hudokeza kwamba kitu kile kile kimebadili umbo, kama maji yanavyogeuka barafu. Sivyo. Picha hubaki ilivyo. Kando yake huzaliwa kitu kipya. Hata pale mashine inapoachiwa kazi, haigeuzi. Hufuata rangi kwa upofu, na herufi za jina la mto hutokea kuwa vijito, na doa la chai juu ya karatasi hutokea kuwa bwawa, mpaka atokee mtu wa kusafisha.

Cha tatu ni kunakili, nacho ndicho cha hatari kuliko vyote kwa kuwa ni Kiswahili kizuri. Katika ofisi zetu nakala ina heshima ya kisheria. Nakala ya cheti ikithibitishwa hutumika badala ya cheti. Mwananchi akiambiwa katika mkutano wa kijiji kwamba mpaka wake "umenakiliwa kutoka ramani ya Serikali", huelewa kwamba hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, na kwamba kuupinga mstari huo ni kuipinga Serikali. Hunyamaza. Kumbe mstari ule ni kazi ya mkono wa mtu, na mkono wa mtu huteleza.

Cha nne ni kufuatisha. Hiki twakijua tangu darasa la kwanza. Mwalimu huandika herufi kwa nukta nukta, na mtoto hufuatisha juu yake. Herufi itokayo ni ya mwalimu kwa umbo na ya mtoto kwa mkono. Kitenzi kimebeba wajibu wa kukishika kielelezo, na papo hapo kimekiri kwamba yupo anayefuatisha na kwamba aweza kukosea. Tena chazaa bila taabu: ufuatishaji ni kazi, mfuatishaji ni mtu, na mstari uliofuatishwa ni tunda. Napendekeza hiki kiwe sanifu.

4. Milimeta moja mjini Tinde

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu. Na tuchukue mfano wa mahali panapojulikana. Tinde, katika Wilaya ya Shinyanga, ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Nzega hugawanyika hapo, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza, na mwingine ukielekea Isaka na Kahama. Kama miji yote ya njia panda, maduka na nyumba zimeisogelea barabara.

Katika ramani ya 1:50,000, milimeta moja juu ya karatasi ni meta 50 juu ya ardhi. Mkono wa mfuatishaji ukiteleza nusu milimeta, barabara imehama meta 25. Isitoshe, alama ya barabara kwenye ramani huchorwa pana kuliko barabara ilivyo, ili ionekane. Mfuatishaji anayepita katikati ya alama atapata jibu moja. Anayepita ukingoni atapata jingine. Sasa tukumbuke kwamba, chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni meta 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kosa la milimeta moja ya karatasi ni kubwa kuliko upande mzima wa hifadhi hiyo. Mtu akichora ukanda wa hifadhi kutoka mstari wa namna hiyo, duka lililo halali laonekana limo ndani, na lililo ndani laonekana halali.

Kuna jingine la kutia shaka. Ramani za nchi za zamani zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vipokezi vya setilaiti tulivyo navyo hutumia msingi wa WGS 84. Tofauti ya misingi hiyo miwili katika nchi yetu ni kiasi cha meta 300. Picha ya ramani isipopachikwa vema mahali pake kabla ya kufuatishwa, Tinde nzima itahama, barabara, soko na yote, bila mstari hata mmoja kuonekana umepinda.

Ni kweli kwamba mipaka ya haki hupimwa ardhini na mpima aliyeidhinishwa, wala haichukuliwi katika ramani ya skeli hiyo. Lakini kabla mpima hajafika, mipango huwa imekwisha pangwa, na watu wamekwisha ogopeshwa, kwa ramani iliyofuatishwa. Mwananchi akielezwa kwamba mstari ule "umefuatishwa", aweza kuuliza: kutoka ramani gani, ya mwaka gani, ya skeli gani, na nani? Akielezwa kwamba "umenakiliwa", hana la kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti ya vitenzi viwili.

5. Vitu ambavyo picha haiwezi kuvisema

Nchi ya Usukuma yatupa somo jingine. Wakulima wa huko hutambua ardhi kwa majina: luseni, yaani kichanga cha mwinuko, itogolo, ardhi ngumu ya mteremko, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni uliwao majaruba ya mpunga. Mfasiri wa Dar es Salaam akikuta neno mbuga katika maelezo ya ramani aweza kudhani ni mbuga ya wanyama, na mfuatishaji akaipaka rangi ya hifadhi. Shamba la mpunga limekuwa makazi ya twiga.

Hata neno likieleweka, mstari wenyewe uko wapi? Itogolo haikatiki ghafla ikawa mbuga, hugeuka polepole. Katika picha ya masika mbuga hupanuka kwa maji na majani. Katika picha ya kiangazi husinyaa. Wafuatishaji wawili hodari watatoa mistari miwili, na hakuna mwongo kati yao.

Ngitili ni mfano mzito zaidi. Hii ni sehemu ya malisho ambayo kaya au kijiji huifunga wakati wa mvua ili majani yake yalishe mifugo wakati wa kiangazi. Nyingi zilipotea wakati watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na nyingi zilifufuliwa baada ya mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kuanza mwaka 1986. Katika picha ya angani ngitili ni pori tu. Mpaka wake hauonekani, maana umo katika mapatano ya watu. Mfuatishaji aliye mbali atachora ukingo wa miti, kwa kuwa ndio aonao, na ukingo wa miti si mpaka wa ngitili. Hapa istilahi lazima ikiri kikomo cha kazi: kisichoonekana hakifuatishwi, huulizwa.

Tukivuka kuelekea ukanda wa dhahabu wa Geita, twakutana na neno duara. Kwa mwalimu wa hisabati duara ni umbo la mviringo. Kwa mchimbaji mdogo duara ni shimo analoshuka kutafuta mwamba wenye dhahabu. Agizo la "kufuatisha maduara yote yaliyo katika ramani" laweza kumaanisha alama zote za mviringo, au mashimo yote ya wachimbaji, hata yale ambayo ramani imeyaonyesha kwa alama ya msalaba. Sipendekezi neno la wachimbaji lifutwe. Ni lao na ni hai. Mwandishi wa maelezo ya ramani aandike "duara la uchimbaji" na mambo yataeleweka.

6. Tabaka

Kwa zile karatasi angavu tulizozitaja, wengine husema leya na wengine tabaka. Tabaka ni neno bora, lakini katika nchi ya madini lina mwenzake. Mwanajiolojia amekuwa akilitumia kwa safu za miamba tangu zamani. Taarifa ikisema "tabaka la dhahabu limepatikana katika eneo la kijiji", wachimbaji watabeba sururu, ilhali afisa alitaka kusema tu kwamba amepata faili la ramani lenye alama za dhahabu. Dawa yake ni nyepesi: iandikwe "tabaka la ramani" na "tabaka la mwamba", wala neno lisiachwe uchi.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, naleta mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo:

(a) Picha ya chembe: picha iliyofanywa kwa miraba midogo yenye rangi, iwe imeskaniwa au imepigwa kutoka angani. Neno rasta liachwe.

(b) Mchoro wa vekta: mchoro wa nukta, mistari na maeneo, vyote vikiwa na vipimo vya mahali.

(c) Kuskani: kuifanya karatasi kuwa picha. Lisichanganywe na kazi ifuatayo.

(d) Kufuatisha: kuchora nukta, mistari na maeneo juu ya picha kwa kukishika kielelezo, mfuatishaji, ufuatishaji. Pale mashine inapotumika iandikwe "kufuatisha kwa mashine".

(e) Kupachika: kuiweka picha ya ramani mahali pake kwa vipimo kabla ya kufuatisha.

(f) Tabaka la ramani: mkusanyo wa vitu vya aina moja katika mchoro.

Juu ya hayo, napendekeza kwamba kila mpaka uonyeshwao katika ramani ya kijiji uambatane na mojawapo ya maneno matatu: uliopimwa, ikiwa mpima alifika na vyombo, uliofuatishwa, ikiwa umetoka katika picha, au ulioelezwa, ikiwa umetoka katika maelezo ya wenyeji. Na kwa ule uliofuatishwa, utajwe mwaka wa picha na skeli yake. Mwaka una maana kubwa. Ramani iliyochorwa kabla ya Operesheni Vijiji huonyesha kaya zilizotawanyika mahali ambapo leo ni mashamba. Na ramani ya mikoa iliyochorwa kabla ya mwaka 2012 huiweka Bukombe katika Shinyanga, ilhali sasa imo Geita. Mstari waweza kufuatishwa kwa uaminifu wote, na bado ukaisema kweli ya zamani.

8. Hitimisho

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema programu zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, na kijana aliye mbele ya kompyuta atabonyeza neno la Kiingereza hata tumpe istilahi gani. Huenda ni kweli, lakini istilahi hizi hatumtungii yeye peke yake. Twamtungia karani atakayeandika mkataba, mwalimu atakayefundisha kusoma ramani, mfasiri atakayeandika taarifa ya kusomwa kijijini, na mzee atakayesimama katika mkutano chini ya mti aulize mstari ule umetoka wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Mamlaka hayo hayawezi kutumika juu ya ramani ambayo lugha yake imefunga mlango wa maswali.

Na sisi tutungao orodha za istilahi tujikosoe pia. Mara nyingi tumeridhika kuweka neno la kigeni mkono wa kushoto na la Kiswahili mkono wa kulia, tukahesabu kazi imekwisha. Mfano wa kunakili waonyesha kwamba neno laweza kuwa sahihi katika orodha na likapotosha katika mkutano. Yafaa kila istilahi iambatane na sentensi moja au mbili za matumizi, zilizotoka katika kazi yenyewe.

Wasomaji walio katika ofisi za ardhi, madini na barabara, hasa wa Shinyanga na Geita, wanaombwa watoe maoni yao na kuleta maneno wayasikiayo kwa wapimaji, wakulima na wachimbaji. Huenda liko neno bora kuliko kufuatisha ambalo bado halijaandikwa.